Kwa Baba Lusungu, Aliyerudi Kundini

Baba Lusungu,

Kamwene. Najua hutaitikia, lakini siwezi kuanza kuongea na wewe bila salamu, hata sasa. Watoto wameenda shule. Nimekaa mezani upande wako kwa sababu ndiko jua linakoingia asubuhi. Baridi ya mwaka huu ni ile uliyokuwa unasema inang'ata mpaka kwenye meno. Leo nyasi za nyuma ya nyumba zilikuwa nyeupe kabisa, na Tumaini akatoka nje na kandambili kuzikanyaga, eti asikie zinavyolia. Nikamfokea, "Wewe, rudi ndani uvae soksi!" Hayo yalikuwa maneno yako, na hata sauti ilikuwa kama yako.

Bibi Anyesi ndiye aliyeniambia nikuandikie. Alikuja juzi baada ya ibada ya jumuiya, akanikuta nimekaa tu na kisu mkononi na viazi havijamenywa. Akasema, "Mwandikie mwenzio, mwanangu. Usimwombe yeye, wa kuombwa yupo. Mweleze tu." Basi nakueleza.

Habari za hapa Makambako, mtaani kwetu Lyamkena, ni nzuri kiasi. Binti yako Lusungu amenipita urefu. Koti lako la kijivu analivaa yeye kwenda shule. Mikono inamzidi, anaikunja, hataki niipunguze. Jirani yetu nyumba yake imefika kwenye lenta. Pale kwenye kijiwe chako cha matairi yupo kijana uliyemfundisha, na kompresa ile ile inanguruma kutwa nzima. Nikitoka sokoni huwa napita njia ya nyuma, ya matope, ili nisiisikie. Siku moja nilisahau nikapita njia kuu, nikaisikia inawashwa, na kabla sijajizuia nikageuka kukutafuta. Nimegeuka kabisa, Festo, na mzigo kichwani. Dereva mmoja akadhani namwita yeye, akanipungia mkono.

Kwaya wamebaki na besi watatu. Mwalimu wa kwaya bado anaacha nafasi pale ulipokuwa unasimama. Sijui kama anaiacha makusudi.

Nakukumbuka vibaya. Sijui kama hivyo ndivyo inavyosemwa, lakini ndivyo ilivyo kwangu. Watu wengine wakifiwa wanamkumbuka mtu mmoja. Mimi nakumbuka wawili: yule wa kwanza, wa pombe, na yule wa pili. Nilimpenda wa kwanza nikiwa nalia, na wa pili nilipewa miaka michache tu kuwa naye. Siku hizi nikifikiria nakuta nawataka wote wawili.

Ulinioa ukiwa unakunywa kama wengine, ulanzi wakati wa masika, mianzi inapotiririka na kila mtu ana mbeta yake ya mwanzi mkononi. Mimi Mkinga wa Makete nilifikiri Wabena wote ndivyo mlivyo, masika yakiisha na pombe inakwisha. Yako haikuisha. Ulanzi ulipokauka ukaenda kwenye komoni, komoni ikawa nyepesi ukaenda kwenye gongo. Ulikuwa hunipigi. Watu waliniambia nimshukuru Mungu kwa hilo. Lakini ulikuwa haupo. Nilikuwa na mume ninayemwona akipita barabarani na wenzake, akina Chesco, mmeshikana mabega, mnaimba nyimbo za kanisani kwa maneno mabaya.

Na siku ya ubatizo wa Tumaini. Tumewahi kuicheka baadaye, mimi na wewe, lakini siku ile sikucheka. Ulikuja umevaa vizuri, shati nililolipiga pasi mwenyewe, nikasema moyoni, leo ameniheshimu. Tulipofika mbele ndipo harufu ikanifikia. Mchungaji akamchukua mtoto akauliza, "Jina la mtoto?" Ukajibu kwa sauti kubwa, "Lusungu!" Na Lusungu mwenyewe alikuwa amesimama hapo hapo, ameshika sketi yangu. Akasema, "Baba, mimi nilishabatizwa." Kanisa zima likacheka. Mchungaji hakucheka. Nikalitaja jina mimi, kwa sauti ambayo sijui ilitoka wapi. Wewe ulikuwa unatabasamu tu, huelewi walichochekea.

Kesho yake nikapanda gari na wanangu, nikabadili Njombe, nikafika Iwawa kwa baba yangu jioni na mvua. Alimpokea mtoto mgongoni akasema, "Kuna viazi vya kuvuna, kazi ipo."

Yaliyokupata nilipokuwa kule ulinisimulia mara nyingi hata nayaona kama nilikuwepo. Asubuhi moja ulimfungia dereva wa lori tairi la nyuma, mikono inatetemeka kwa sababu ulikuwa hujapata ya kuizimua. Hukukaza nati. Hakufika hata Nyololo, akasikia gari linacheza, akasimama, akazikuta zimelegea zote. Alirudi kwa gari jingine mpaka kwenye kijiwe chako. Ulifikiri amekuja kukupiga, ukasema moyoni na anipige. Hakukupiga. Alisimama mbele yako akasema, "Fundi, mimi nina watoto watatu." Akaondoka. Basi.

Ulisema hilo lilikuumiza kuliko kipigo. Ulikaa juu ya tairi mpaka jua likawa kali, halafu ukaondoka ukaacha vyombo vyote nje, ukaenda kwa Bibi Anyesi, kwa kuwa ndiye mzee wa kanisa pekee ambaye alikuwa bado anakusalimia. Ulimkuta anapepeta maharage. Ukamwambia, "Bibi, nitaua mtu." Akaweka ungo chini.

Watu wanapenda kusimulia kwamba uliombewa mara moja ukapona. Wewe mwenyewe ulikuwa unakataa. Ulikuwa unasema kwenye ushuhuda, tena mbele ya mchungaji, kwamba Bibi alikuombea ndiyo, ukalia ndiyo, na mchana wake ukaanza kutokwa jasho na kuona siafu ukutani ambao hawakuwepo. Yeye ndiye aliyekupeleka Ilembula, hospitali, amekushika mkono kwenye gari kama mtoto, unatapika kwenye kanga yake. Daktari alisema mtu aliyezoea hivyo akiacha ghafla bila kuangaliwa anaweza kufa. Ulikuwa unapenda kusema, "Mungu ndiye aliyenitoa, daktari alishika taa." Na kule wodini, ulipoanza kupata akili, Bibi alikufundisha sala fupi kuliko zote nilizowahi kusikia. "Bwana, leo tu." Ulikuwa huahidi ya kesho. Mtu akikuambia hongera umeacha pombe, unamjibu, "Leo sijanywa."

Na ulianguka. Hilo nalo ulilisema wazi, hukuficha. Kwenye harusi ya mdogo wako walikupa soda iliyochanganywa, wakicheka, na ulipoijua ladha hukuitema. Siku kadhaa zikapotea. Bibi alipokukuta kilabuni hakukugombeza. Alisema, "Jumapili njoo. Njoo hivyo hivyo." Ukaenda hivyo hivyo, na nguo ulizolalia. Ulikaa benchi la mbele. Mama mmoja akainuka akahama. Bibi Anyesi akatoka alipokuwa, akaja akakaa pale pale palipoachwa wazi, akakufungulia kitabu cha nyimbo, na kwa sababu macho yako hayakuwa yanaona vizuri akawa anakunong'oneza maneno mstari kwa mstari. Baadaye ulisimama mbele ya usharika, ukatubu, ukapokelewa, ukarudi kundini. Ulisema ulipopewa mkono na yule mama aliyehama, mkono wake ndio uliokuwa unatetemeka, si wako.

Mimi yote hayo sikuyajua. Nilikuona tu siku moja unapandisha kilima cha kwetu, umekonda, una begi dogo. Nilikuwa shambani na mama. Sikuinuka. Ulisimama kwenye tuta ukanisalimia kwa Kikinga, vibaya, kama kawaida yako, na watoto wa jirani wakacheka. Nikakuambia, "Sirudi." Ukasema, "Sijaja kukuchukua. Nimekuja kuwaona." Halafu ukaomba jembe.

Ulikaa kwetu juma zima ukilima na baba yangu bila kunisumbua. Huko juu baridi haina huruma, mikono yako ikapasuka, ukawa unaipaka mafuta ya kula jikoni kwa mama. Asubuhi nilikuwa nakusikia nyuma ya ghala, unasema ile sala yako, kisha unakohoa, kisha unachukua jembe. Siku ya mwisho baba aliniita akaniambia, "Nimemwangalia anavyokunywa chai. Kikombe hakitikisiki. Amua mwenyewe." Sikuamua siku ile. Nilikuacha uondoke. Uliondoka bila kununa, na ndipo nilipoanza kukutamani, Festo. Ulipokuwa unateremka kile kilima bila kugeuka nyuma, nilitamani ugeuke.

Tulirudi kwako baada ya msimu wa kupanda.

Miaka ile siwezi kuieleza kwa mtu. Mtu akiniuliza ilikuwaje, nitasema nini? Kwamba ulikuwa unarudi nyumbani jioni ukinuka mpira na oili, na mimi nasimama mlangoni nainusa harufu ile kama mtu anayenusa mkate. Kwamba kila asubuhi ulikuwa unaita majina ya wanao yote, kwa kirefu, kama karani wa mahakama, "Tumaini binti Festo, simama!" na yeye anasimama kitandani anacheka. Kwamba ulikuwa unaponda parachichi kwenye sahani moja na chumvi, unanigawia upande wenye mengi. Ulijifunza besi ukiwa mtu mzima, unaimba ukiwa chini ya lori, na madereva wanasubiri mpaka umalize ubeti. Na masika yakifika, watu wakianza kupita na mbeta zao, unanyamaza siku mbili tatu. Nilijua kuiacha peke yake hiyo hali. Nilikuwa nakaa karibu yako tu.

Halafu tumbo likaanza kujaa.

Ilembula wakatuambia ni ini, limechakaa kwa pombe ya zamani, na kwamba lilikuwa limeanza kuharibika kabla hujaacha. Tulitoka nje tukakaa kwenye benchi. Ukasema, "Mimi nimesamehewa. Ini je, lenyewe halikusikia?" Tukacheka, mimi na wewe, tukacheka mpaka muuguzi akatutazama, na katikati ya kicheko ukaanza kulia. Sijawahi kukuambia kwamba kicheko kile ndicho nilichobaki nacho.

Chesco alikuja kukuona siku zile mbaya, mchana, mimi niko uani nafua. Alikuwa na chupa ya soda ndani ya koti, nami nikajua ni gongo kabla hajaitoa. Nikasimama dirishani. Nilimsikia akisema, "Kidogo tu, Festo. Upate usingizi. Mungu anaona unavyoumia." Kwa maumivu uliyokuwa nayo siku ile, nilisema kweli moyoni, ukiichukua sitakulaumu. Ukamwambia, "Chesco, niache nife nikiwa nawajua watoto wangu kwa majina." Akairudisha kwenye koti. Nilimfukuza na maji ya sabuni mikononi.

Ulienda hivyo. Unatujua wote. Ulisema majina yetu, na langu ulilisema la mwisho, Eda, taratibu.

Sasa nikueleze jambo lililonisumbua. Baada ya tanga kwisha, maneno yalianza kule kilabuni. "Festo kaacha pombe, kaokoka, kafa. Sisi tunakunywa, tupo." Wakawa wanagonga vikombe juu ya jina lako. Niliyasikia sokoni, nikiwa napanga viazi. Na swali hilo hilo nilikuwa nalo mimi. Kwa nini Mungu akurudishe kwangu halafu akuchukue? Nikaacha kwenda ibadani. Sikutangaza kwamba nimeacha, nilikuwa tu kila Jumapili napata kazi. Kusali pia nikashindwa. Nilikuwa nafumba macho nakuona wewe, basi nafumbua. Bibi Anyesi alikuwa anakuja, anakaa, ananisaidia kumenya, anaondoka. Hakunihubiria hata mara moja.

Masika haya yaliyopita, asubuhi, watoto wametoka, mvua nyembamba inanyesha. Mtu akabisha. Nikafungua nikamkuta Chesco. Alikuwa amelowa, mdomo umekauka, mikono inatetemeka mpaka vifungo vya koti vinagongana. Akasema, "Shemeji, nipeleke kule mlikompeleka Festo."

Nilimtazama. Yote niliyokuwa nimeyaweka yakaja mdomoni kwa pamoja. Nikamwambia, "Mbona wewe upo, na yeye hayupo?"

Hakukasirika. Akasema, "Hata mimi najiuliza hivyo hivyo, shemeji. Kila siku."

Nilishika mlango. Nilikuwa naweza kuufunga, Baba Lusungu, na hakuna mtu Makambako nzima angenilaumu. Badala yake nikamwambia ingia, mvua inaingia ndani. Nikamwekea chai kwenye bakuli kwa sababu kikombe asingekiweza, nikamshikia. Akaniambia kwamba siku ile ulipoikataa chupa yake alitoka kwetu akaenda kukaa nyuma ya stendi, hakuinywa, aliimwaga. Halafu akaenda akanunua nyingine. "Lakini ile niliimwaga, shemeji," akasema, kama mtoto anayetaka asifiwe. Tena akasema kule kilabuni wanapoanza yale maneno yao juu yako, yeye huwa anatoka nje. Hawezi kuyasikiliza. Alikuona unakufa, akajua kwamba wewe ulikuwa umepata kitu, na kwamba wao wanaogonga vikombe hawana.

Nikamwita Bibi Anyesi, tukapanda gari sote watatu kwenda Ilembula. Bibi amezeeka sasa, hana nguvu za kumshika mtu mzima, kwa hiyo aliyemshika ni mimi. Alitapika kwenye kanga yangu. Nimekishika kichwa cha Chesco, yule niliyemchukia miaka yote, na nikajikuta nasema, kwa sauti, Bwana, msaidie. Ilikuwa sala yangu ya kwanza tangu tukuzike. Halafu nikaanza kukulilia wewe, humo humo garini, kilio ambacho hata msibani hakikutoka. Bibi aliweka mkono wake mgongoni kwangu mpaka tukafika. Hakuna aliyenijibu lile swali langu. Bado ninalo. Lakini sasa naliuliza nikiwa nimemgeukia Yeye.

Chesco alitoka hospitali, akaanguka wakati wa Pasaka, akarudi tena. Anakuja jumuiya, anakaa karibu na mlango. Leo ameamka mzima, nimemwona akipita. Ya kesho siyajui, wala simwulizi.

Jambo la mwisho ni la jana. Tumaini alirudi shuleni amenuna. Tukawa tunamenya viazi, akaniuliza bila kuinua uso, "Mama, ni kweli baba alikufa kwa pombe?" Mtoto mwenzake alimwambia. Lusungu akaacha kufagia. Nilikuwa na majibu mengi ya kumlaza mtoto, na nilitaka kuyatumia. Lakini nikamwambia, "Ni kweli. Pombe iliharibu ini lake. Na ni kweli pia kwamba aliiacha, Mungu akamsaidia kuiacha, na hakuirudia hata alipoumwa. Yote mawili ni kweli."

Akafikiri. "Aliogopa?"

"Siku nyingine aliogopa."

"Halafu?"

"Halafu tulikuwa tunamshika mkono."

Akaendelea kumenya. Baadaye kidogo akasema, "Kesho nitamwambia huyo." Sikumwuliza atamwambia lipi kati ya hayo mawili. Nafikiri yote.

Mume wangu, jua limehama mezani, inabidi niende sokoni. Nakuahidi hivi. Wanao watakujua kama ulivyokuwa, sitawachorea baba wa uongo. Na mtu akija mlangoni kwetu anatetemeka, ataingia, awe yeyote. Jumapili hii naenda kanisani na wasichana wako. Nikishindwa kuimba nitasimama tu na kitabu mkononi, lakini nitakuwepo.

Sijazoea kutokuwepo kwako, na sidhani kama nitazoea. Usingizi mwema, Festo. Tutaonana asubuhi ile, utakaponiita kwa jina.

Mkeo,
Eda